Taa ya cheki injini: P0171 na P0420 kwenye Premio, je, ninunue masega na sensa au nipime kwanza?

Nzovwe_Boy

Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Premio ya 2008, injini 1NZ-FE, inatembea Mbeya mjini na mara chache Kyela. Taa ya cheki injini imewaka, imetulia, haipepesi. Mashine imesoma namba mbili: P0171 na P0420. Fundi ameniandikia karatasi: sensa ya oksijeni ya juu (kabla ya masega), ya chini, masega (katalisti ya kusafisha moshi kwenye ekzosi), plagi nne, na kusafisha nozeli za petroli. Dalili: asubuhi ikiwa ya baridi inatetemeka kwenye sailensi (injini inaunguruma bila kukanyagwa), ikipata moto inatulia. Ulaji wa mafuta umepanda. Eakilina (kichujio cha hewa) ni mpya. Namba hazijafutwa. Kabla sijaingia Mwanjelwa kutafuta spea, naanza kupima nini?

Rewaya_Uyole

Mkuu, umefanya vizuri kutofuta. Usifute, na usimruhusu mtu achomoe terminal ya betri "ili taa izime". Pamoja na namba, kontroboksi (kompyuta ya injini) inatunza kumbukumbu ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipoandikwa: mizunguko ya injini, mwendo, joto la maji, mzigo, na kiasi cha mafuta kilichokuwa kinaongezwa au kupunguzwa. Kwenye programu nyingi ipo chini ya kitufe cha freeze frame. Ukifuta, inaondoka. Ipige picha leo.

Sasa hizo namba. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema kontroboksi imeongeza petroli mpaka ikafika mwisho wa ruhusa yake na bado sensa ya juu inaona oksijeni nyingi. Sensa iliyoleta taarifa hiyo huenda ndiyo kifaa kizima kuliko vyote kwenye orodha yako. P0420 nayo inasema sensa ya chini, ile iliyo baada ya masega, inaona oksijeni ikipanda na kushuka kuliko inavyotakiwa. Masega yakichoka inatokea. Bomba likivuja karibu na sensa hiyo inatokea. Mchanganyiko ukiwa haueleweki kwa muda mrefu inaweza pia kutokea. Kwa hiyo unaanza na P0171. Ukibadili masega leo huku P0171 ipo, hata kama yalikuwa yamechoka kweli, mapya utayachosha kwa ugonjwa uleule.

Pima hivi. Washa gari mpaka maji yafike nyuzi 80 au zaidi. Zima AC, taa kubwa na feni ya ndani. Fungua STFT na LTFT, yaani asilimia ya petroli inayoongezwa au kupunguzwa. Ya kwanza ni marekebisho ya papo hapo, ya pili ni yale ambayo kontroboksi imeshayazoea. Zijumlishe. Andika jumla kwenye sailensi baada ya dakika mbili za utulivu, kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika nzima, uandike tena. Gari nzima inakaa ndani ya asilimia kumi juu au kumi chini, nyingi ziko ndani ya tano.

Jumla ikiwa kubwa kwenye sailensi halafu ikashuka sana kwenye 2,500, gari inavuta hewa ya pembeni. Tundu ni lilelile, ila kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo mno, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inaongezeka na ile ya wizi inakuwa si kitu. Jumla ikiwa nzuri kwenye sailensi na kupanda kadiri unavyokanyaga, angalia mafuta: pampu, chujio, presha, au MAF (sensa inayopima hewa inayoingia) chafu inayosoma hewa pungufu. Ikiwa juu kila mahali kwa kiasi kilekile, fikiria nozeli au presha ndogo ya mafuta. Lete namba.

MnyaluKihesa

Kamwene. Naongezea kwenye kifaa, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Zile ELM327 (vifaa vya kusomea namba kwa simu) za bei ndogo zinatosha kwa kazi hii, lakini gari ya soko la Japani, hasa za kabla ya 2006 hivi, inaweza kukataa kuunganika ukiacha programu ijichagulie. Kwenye mipangilio chagua wasifu wa Toyota JOBD. Wengi wanatupa kifaa kizima wakidhani kimekufa.

Toyota za zamani ambazo hazisomeki kabisa, kuna njia ya kuunganisha tundu namba 4 na 13 kwenye soketi ya chini ya usukani kwa kipande cha waya, swichi ikiwa ON bila kuwasha injini. Taa itapepesa namba yenye tarakimu mbili, mpepeso wa makumi kwanza, kisha wa mamoja. Kaa mbali na tundu 16, hilo lina umeme wa betri moja kwa moja. Ukiunganisha 16 na 4 umeunguza fyuzi, ikiwa una bahati.

Jambo jingine: video nyingi za Wamarekani zinaanza na kifuniko cha tenki la mafuta. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina mfumo wa kupima uvujaji wa mvuke wa petroli kwenye tenki, kwa hiyo kifuniko kilicholegea hakiwashi taa. Usipoteze siku hapo.

Kitonga_Chini

Wakuu mnamzungusha mwenzenu. Hii ni hewa nyepesi ya milimani tu. Gari zikitoka Dar zikipanda Kitonga zinabadilika, zikishuka zinapona. Afute namba aendelee na maisha.

MnyaluKihesa

Kitonga_Chini, nguvu kupungua ukipanda ni kweli, ni fizikia. Lakini taa haipaswi kuwaka. Dar shinikizo la hewa ni karibu kPa 101. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, ni karibu 82 au 83. Kyela, pale chini ziwani, ni 95 na ushee. Kabureta isingejua tofauti hiyo, na gari ya kabureta kweli ingezidisha mafuta huku juu. Ona neno hilo: ingezidisha. Mwenzetu ana P0171, ambayo ni upungufu wa mafuta dhidi ya hewa. Mwinuko ungekuwa ndiyo sababu, kosa lingeelekea upande wa pili. Gari yenye MAF inapima uzito wa hewa wenyewe, hewa ikipungua petroli nayo inapungua, uwiano wa 14.7 kwa 1 unabaki palepale.

Mwinuko unakupotosha sehemu nyingine kabisa: kwenye namba za vitabu. Geji ya vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya injini) inayotakiwa kusoma inchi 18 hadi 22 za zebaki, hapa Mbeya itasoma kama 13 hadi 16 kwenye injini nzima kabisa. Fundi mwenye kitabu cha usawa wa bahari atakuambia injini imechoka. Gari zenye sensa ya MAP (ya shinikizo la hewa kwenye manifodi), washa swichi bila injini: ikisoma 82 au 83 hapo Mbeya, sensa ni nzima. Ikisoma 100, sensa inakudanganya.

Kitonga_Chini

Sawa kwa hiyo hoja ya kabureta nakubali. Ila baridi ya huku hamjaisema.

Njombe_Baridi

Baridi naisema mimi. Juni na Julai huku Njombe na Makambako, injini ambayo thamostati imetolewa haifiki joto lake hata ukiendesha saa nzima, hasa kwenye mteremko. Na thamostati zimetolewa kwenye gari nyingi mno: gari ilichemsha mara moja, fundi akaitupa. 1NZ inatumia ya nyuzi 82. Bila hiyo maji yanabaki 60 au 65, kontroboksi inadhani gari bado linapata moto na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, oili inachanganyika na petroli, plagi zinakuwa nyeusi. Unaweza kupata P0128 (injini haifiki joto lake), au usipate namba yoyote, ila ulaji unakuwa mbaya na masega yanapokea petroli isiyoungua.

Kipimo hakihitaji kufungua chochote. Washa gari asubuhi, angalia joto la maji kwenye simu. Linatakiwa kupanda bila kusita hadi karibu 80, kisha litulie kati ya 82 na 95. Shika bomba la juu la rejeta: libaki la baridi muda huo wote, halafu lipate moto ghafla thamostati inapofunguka. Likipata uvuguvugu tangu mwanzo kidogokidogo, thamostati haipo au imekwama wazi. Nzovwe_Boy, tuletee na joto la maji.

Nzovwe_Boy

Asanteni sana. Nimepima:

Joto la maji 88, limetulia. Bomba la juu la rejeta lilibaki la baridi kisha likapata moto kwa mpigo.
Sailensi: LTFT +20, STFT +4.
Mizunguko 2,500: LTFT +6, STFT +1.
MAF kwenye sailensi: gramu 1.6 kwa sekunde.
Kumbukumbu ya tukio la P0171: mwendo 0, mizunguko 720, maji 84.
Sensa ya juu inasoma 0.66 haibadiliki. Fundi ndiyo hiyo anaonyesha, anasema imeganda.

Rewaya_Uyole

Kumbukumbu yenyewe inasema gari lilikuwa limesimama kwenye sailensi, na jumla yako ni 24 dhidi ya 7. Hewa ya pembeni. Presha ya mafuta na nozeli ziondoe kwenye akili kwa sasa, zingekuonyesha ubaya ukikanyaga.

Hiyo 0.66 ndiyo inauza sensa nyingi kuliko ubovu wowote. Toyota nyingi za kipindi hicho, ya juu si sensa ya oksijeni ya kawaida inayocheza kati ya 0.1 na 0.9. Ni sensa ya uwiano wa hewa na mafuta. Kwenye waya wake mchanganyiko sahihi ni volti 3.3, na kompyuta ya Toyota ikiongea na mashine ya kawaida inagawanya kwa tano, ndiyo unaona 0.66. Kwa hiyo 0.66 iliyotulia maana yake kontroboksi imefanikiwa kusawazisha mchanganyiko, kwa gharama ya asilimia 24 za ziada. Kukanyaga ghafla kunaishusha, kuachia ghafla kunaipandisha. Fanya hivyo mara mbili: ikicheza, iache ilipo.

Kama huna uhakika ni ya aina gani, usihesabu nyaya, zote mbili zina nne. Chomoa soketi yake injini ikiwa ya baridi, pima ukinzani wa hita, zile nyaya mbili za rangi moja kwa kawaida. Sensa ya uwiano inasoma om 1.8 hadi 3.4. Sensa ya oksijeni ya kawaida inasoma 11 hadi 16. Ukipata mstari uliokatika kabisa, hita imekufa, na hapo ungekuwa na P0135 au ndugu zake, ambazo wewe huna.

Sasa msako wa hewa. Injini ikiwa ya moto, kwenye sailensi, simu ikionyesha STFT mbele yako. Bana mpira mmoja mmoja kwa koleo lenye kitambaa: mpira wa breki unaoenda kwenye buta (kisaidizi cha breki), mpira wa mvuke wa petroli unaoenda kwenye vali ya kanista, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifodi ya hewa). Ule ambao ukiubana STFT inaanguka kwa pointi kumi au zaidi, tatizo liko huko au mbele yake. Kisha kunja kwa mkono ule mpira mkubwa kati ya eakilina na throto (mlango wa hewa wa injini). Nyufa zake hukaa kwenye mikunjo upande wa chini, ukitazama tu kwa juu huzioni. Hewa inayoingia hapo imeshapita MAF, haikuhesabiwa.

Mipira ikiwa safi, unabaki na gasketi ya manifodi ya hewa. Chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji ya kawaida, piga kwenye maungio ya manifodi na kichwa, sehemu moja baada ya nyingine, ukisubiri sekunde tano kila mahali. Maji yakiziba ufa kwa muda, sauti ya injini na STFT vinabadilika. Wengine wanatumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi haraka zaidi, ila ni petroli ya kunyunyizia karibu na manifodi ya moshi. Maji yanatosha.

Njombe_Baridi

Kwenye gasketi hiyo: mpira wake ukishakauka, asubuhi unasinyaa na kuvuja, injini ikipata moto unavimba na kuziba. 1ZZ-FE za zamani zinajulikana kwa hilo. Kwa hiyo gasketi ikishukiwa, pima trimu (hizo STFT na LTFT) ndani ya dakika chache za kwanza, mara tu kontroboksi inapoanza kutumia sensa. Ila gari hii ina 24 hata ikiwa 88. Mimi naweka dau kwenye mpira.

Na mtetemo wa asubuhi kutulia baadaye usimpe mtu matumaini kwamba tatizo linaisha. Ikiwa ya baridi kontroboksi bado haisikilizi sensa, hewa ya wizi inaachwa bila kufidiwa vizuri. Ikipata moto inaanza kufidia, mtetemo unaondoka, ubovu unabaki.

Mama_Fielder

Samahani naingilia. Yangu ni Fielder, injini hiyohiyo 1NZ. Taa inapepesa nikipanda mlima kutoka Tukuyu kuja Mbeya, kisha inatulia. P0302. Na mimi ni hewa ya pembeni?

Rewaya_Uyole

Dada, hapana, na hilo la kupepesa lina haraka kuliko la mwenye uzi. Taa iliyotulia inakupa muda. Taa inayopepesa inasema silinda inakosa kuwasha kwa kiasi cha kuunguza masega sasa hivi, maana petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani yake. Punguza mafuta, rudi gia ya chini, usiivute mlimani.

P0302 ni silinda ya pili, hesabu kuanzia upande wa mikanda. Hamisha koili (inayotoa umeme wa plagi) ya 2 iende 3, ya 3 ije 2. Futa namba baada ya kuziandika, panda mlima uleule. Ikija P0303, koili ndiyo mbaya, nunua moja. Ikibaki P0302, hamisha plagi vilevile. Uwazi wa plagi za injini hiyo ni milimita 1.0 hadi 1.1, ukifika 1.3 koili inachoka kuruka umbali huo, hasa kwenye mzigo. Ndiyo maana inakuja mlimani na si kwenye tambarare. Ukitoa koili tazama kama tundu la plagi lina oili: gasketi ya kava la tapeti imevuja, oili inaoza mpira wa koili na umeme unarukia pembeni. Koili mpya ndani ya oili haidumu. Kukaza plagi ni Nm 18, si kwa kuning'inia kwenye spana. Koili na plagi zikihama na ugonjwa ukabaki silinda ya 2, unakuja kwenye nozeli, om 12 hadi 14 hivi kila moja na zisipishane sana, kisha kompresheni (mgandamizo wa silinda).

MnyaluKihesa

Ukifika kwenye kompresheni, Mama_Fielder, rudia nilichosema kuhusu mwinuko. Kitabu cha 1NZ kinasema psi 213 kwa injini nzima, mwisho wa chini 156. Hizo ni za usawa wa bahari. Geji ikiwa Mbeya, injini nzima kabisa itasoma karibu 175, na huo mwisho wa chini unashuka hadi karibu 128. Kuna injini zimefunguliwa kubadilishwa ringi bure kwa sababu ya 165. Kilicho muhimu ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi 14. Throto iwe wazi kabisa, plagi zote zimetolewa, betri imejaa.

Mama_Fielder

Nimeelewa. Naanza na koili. Ndaga fijo.

Nzovwe_Boy

Nimerudi. Mpira wa breki: hakuna badiliko. Mpira wa mvuke: hakuna. Mpira wa PCV: nilipoubana STFT ilianguka kutoka +4 hadi -14. Kuutoa, upande wa chini karibu na manifodi umepasuka kwa urefu kama wa kucha na umelainika kama mpira uliokaa kwenye oili. Nimeweka mpya na klempu mpya. Trimu sasa, baada ya kuendesha kutwa: sailensi jumla +3, kwenye 2,500 ni +2. MAF imepanda hadi 2.1 kwenye sailensi. Asubuhi haitetemeki. Nilifuta namba baada ya kuzipiga picha. Siku ya tatu P0420 imerudi kama inayosubiri, taa bado haijawaka.

Rewaya_Uyole

Safi. Hata kupanda kwa MAF kunaeleweka: hewa iliyokuwa inapita mlango wa nyuma sasa inapita kwenye kipimo. Hakikisha pia vali yenyewe ya PCV inacheza ukiitikisa, na kiti chake cha mpira kwenye kava hakijakauka, maana mpira mpya kwenye kiti kibovu utakurudisha hapohapo.

P0420 sasa tunaweza kuichunguza, maana mchanganyiko ni sawa. "Inayosubiri" maana yake imeonekana safari moja. Ikionekana safari ya pili mfululizo taa inawaka. Una nafasi ya kupima.

Kwanza bomba. Kati ya mipigo ya moshi kunakuwa na mvuto kidogo ndani ya ekzosi, na tundu dogo kabla ya sensa ya chini linaingiza hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni, inalaumu masega. Asubuhi kabla ya kuwasha, lala chini na tochi, fuatilia maungio yote kuanzia manifodi hadi nyuma ya sensa ya chini. Unatafuta alama nyeusi za masizi zilizotandaa kama feni. Kisha mwenzio awashe, azibe nusu ya mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, wewe sikiliza na upake maji ya sabuni kwenye maungio. Fanya ndani ya dakika ya kwanza, chuma kikipata moto kinapanuka na kuziba, na mkono wako nao utaungua. Pale penye boliti mbili za springi, ile gasketi ya duara, ndipo penye makosa mengi, hasa gari zinazopiga chini kwenye barabara za vumbi za Usangu.

Pili, sensa ya chini yenyewe. Hii ni ya kawaida, 0.1 hadi 0.9. Ikanyage ghafla: iruke juu ya 0.8. Achia gari likiwa kwenye gia ukiteremka: ianguke karibu na sifuri. Ikifanya yote mawili bila kuchelewa, ni nzima na inasema kweli.

Tatu, masega. Endesha dakika kumi na tano ili yapate moto, simama, shikilia 2,500 kwa dakika tatu. Sensa ya chini ikikaa kati ya 0.6 na 0.8 kwa utulivu, masega yanafanya kazi. Ikipanda na kushuka kwa kasi mfululizo baada ya kuhakikisha bomba halivuji, yamechoka.

Kitonga_Chini

Au ayatoe tu masega. Watu wengi wametoa, gari inavuta vizuri.

Njombe_Baridi

Gari inavuta vizuri yakitolewa ikiwa yalikuwa yameziba. Kama hayajaziba, tofauti unayoisikia ni kelele. Kuziba kunapimwa: toa sensa ya juu, weka geji kwenye tundu lake. Kwenye sailensi isizidi psi 1.5 hivi, kwenye 2,500 isizidi 3. Ikipanda hadi 5 na kuendelea, yameyeyuka au yamevunjika ndani. Hata hapo uliza kwa nini yameyeyuka. Kinachoyayeyusha ni koili iliyoachwa, gari inakula oili, au maji ya rejeta yanayopenya kwenye silinda. Risasi haiko tena kwenye petroli yetu, hiyo iachwe.

Na gari ikishatolewa masega, P0420 haitaondoka. Taa itabaki imewaka maisha yote, na siku koili itakapokufa hutaona tofauti isipokuwa uwe na mashine mkononi. Pia fahamu ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Anayekushauri kwa haraka kuyatoa, muulize yatabaki na nani. Yakitolewa ni mali yako, yanarudi nyumbani na wewe.

Ya mtumba nayo, kabla ya kulipa: yatikise, yasigonge ndani. Mulika tochi, vitundu viwe wazi na kingo zake zisiwe zimeyeyuka. Yenye rangi ya masizi mabichi au mng'ao wa oili, rudisha.

Nzovwe_Boy

Imepatikana kwenye springi. Gasketi ya duara imeliwa upande mmoja, boliti moja springi yake imevunjika, masizi yametapakaa. Sensa ya chini nilipoijaribu kabla ya kutengeneza ilikuwa inaruka na kuanguka vizuri, ila kwenye 2,500 ilikuwa inatangatanga 0.2 hadi 0.7. Nimeweka gasketi na boliti mbili mpya na springi zake. Sasa kwenye 2,500 inasoma 0.68 hadi 0.74, inakaa hapo. Nimefuta namba. Sijanunua sensa, masega wala plagi. Je, nimemaliza?

Rewaya_Uyole

Bado kidogo. Ulipofuta namba ulifuta na vipimo vya ndani ambavyo kontroboksi inajifanyia. Fungua ukurasa wa utayari kwenye programu, utaona kipimo cha katalisti hakijakamilika. Mpaka kikamilike, taa kutowaka hakukuambii kitu. Kinahitaji injini yenye moto na mwendo wa kutulia, kati ya 65 na 90 kwa saa, bila kukanyaga na kuachia ovyo, kwa dakika kumi au zaidi. Mjini hakitakamilika. Toka Uyole hadi Igurusi, ukishavuka Mlima Nyoka na kona zake kuna sehemu ndefu zilizonyooka. Kikikamilika bila P0420 inayosubiri, rudia siku nyingine safari moja zaidi.

Boliti za springi kagua baada ya safari hiyo, zikiwa za baridi. Na siku ukilazimika kutoa sensa yoyote kati ya hizo mbili, ni boksi la 22 lenye mkato wa waya, kaza Nm 44, na usipake silikoni ya gasketi sehemu yoyote ya ekzosi kabla yake. Mvuke wake unapaka kichwa cha sensa na kukiua.

Mama_Fielder

Yangu imehamia P0303 baada ya kubadilishana koili. Nimeagiza moja. Ila tundu la plagi ya pili lina oili.

Rewaya_Uyole

Basi agiza na gasketi ya kava la tapeti pamoja na zile ringi za mpira za matundu ya plagi, zinakuja seti moja. Futa oili yote kwa kitambaa kabla ya kutoa plagi, isidondokee kwenye silinda. Koili mpya iingie mwisho.